Naomba ushauri: Utunzaji wa ngozi wa Ayurveda wakati wa joto kali la Ahmedabad

Mwanachuo_Gujarat aliandika:

Wanajamvi, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayesoma Ahmedabad, jimbo la Gujarat, nchini India. Tarehe 20 Mei 2016 joto la mji huu lilifika nyuzi 48, na ingawa halifiki huko kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mvua za Juni ni jambo la kawaida kupita nyuzi 40. Ni joto kavu, wala hakuna upepo wa bahari wa kumpoza mtu jioni kama ilivyo Dar es Salaam.

Tatizo langu ni ngozi. Ikifika adhuhuri uso unang'aa mafuta, ilhali mikono na miguu imekauka hadi kupauka. Na shingoni, kwapani na mgongoni panapopita mkanda wa mkoba nimetoka vipele vidogo vyekundu vinavyochomachoma. Mama mwenye nyumba, ambaye ananichukulia kama binti yake, anasema kwamba kwa mujibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, pitta, yaani hali ya joto mwilini, imenizidi. Amenipa udongo wa multani niuchanganye na maji ya waridi, kipande cha msandali na jiwe la kukisagia, na mafuta ya ufuta ya kujikanda kabla ya kuoga, kisha akanihimiza ninunue dukani vidonge vya kusafisha damu. Sipendi kumvunjia heshima, lakini pia sipendi kujipaka na kumeza kila ninachopewa. Kipi nikifuate na kipi nikiache? Naomba kuwasilisha.

BintiMalindi_Unguja alijibu:

Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni harara, na huo msandali usiudharau hata kidogo, kwani huku kwetu wazee wamewapaka watoto wenye harara liwa, mti wa manukato unaofanana na msandali, iliyosagwa kwa maji ya waridi tangu zamani. Dondosha maji kidogo juu ya jiwe, usugue kipande kwa kuzungusha bila kukandamiza, mpaka upate uji laini wa rangi ya chai ya maziwa. Paka utando mwembamba juu ya vipele, uache ukauke, kisha uoge kwa maji ya baridi. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono wa ndani na usubiri hadi kesho yake. Ukiishiwa, usikimbilie unga wa bei rahisi, kwa sababu msandali wa kweli ni ghali na huo mwingine mara nyingi ni vumbi la mbao lililotiwa manukato, ambayo yatakuwasha zaidi.

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Naungana na Binti Malindi kuhusu harara. Inatokea pale mirija ya jasho inapoziba, jasho likabaki chini ya ngozi na kuiwasha. Kwa hiyo mafuta ya aina yoyote, yawe ya ufuta au ya nazi, yasiguse shingo, kwapa wala mgongo mpaka vipele viishe. Kwa mikono na miguu iliyokauka, mwambie mama kwa upole kwamba ungependelea nazi. Hatashangaa, kwa maana katika Ayurveda yenyewe ufuta huhesabiwa kuwa wenye kutia joto na nazi kuwa yenye kupoza. Ila usidhani kwamba mafuta ya nazi yatakukinga na jua. Hapo nunua losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi.

Udongo wa multani unanyonya mafuta, na hiyo ndiyo faida yake na hasara yake pia. Upake kwenye paji la uso, pua na kidevu pekee, na uuoshe ungali na unyevu, kabla haujaanza kupasukapasuka. Mikononi usiuweke kabisa. Akitokea mtu wa kukushauri ukamulie limau au ndimu, mkatalie, kwani maji yake yakipigwa na jua ngozini huunguza na kuacha mabaka meusi yanayochelewa kuondoka.

Kuhusu vidonge sina maneno ya kuzunguka: usivinunue. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti, na takribani moja kati ya tano ilikutwa na madini ya sumu, yaani risasi, zebaki au aseniki. Si uchafu wa bahati mbaya tu, kwa kuwa lipo tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra ambalo huchanganya madini katika dawa kwa makusudi. Ukitaka tiba ya kumeza, nenda kwa daktari mwenye shahada ya BAMS, yaani shahada ya udaktari wa Ayurveda, ambayo husomewa miaka mitano na nusu, umweleze pia dawa nyingine unazotumia.

Msomaji_wa_Kale alijibu:

Niongeze jambo moja kuhusu pitta. Siku hizi kiangazi huitwa msimu wa pitta karibu kila mahali, lakini Ashtanga Hridaya, mojawapo ya vitabu vikuu vya Ayurveda, inafundisha kwamba katika miezi ya joto kinachojikusanya ni vata, yaani hali ya ukavu, na kwamba pitta hujikusanya wakati wa mvua na kuchachamaa baada yake. Mikono yako iliyopauka inaingia vizuri katika maelezo hayo. Kitabu hichohicho kinashauri mtu apunguze chumvi, uchachu, pilipili na mazoezi mazito, ale vyakula vyepesi, vya majimaji na vyenye utamu wa asili. Pilipili ya kachumbari za Gujarat, nazikumbuka vizuri, ndiyo ningeanza nayo.

Mwanachuo_Gujarat aliandika:

Nawashukuru sana. Mama amekubali nazi bila ubishi, na vidonge nitamwambia nasubiri kumwona daktari. Je, nibadilishe mkoba? Na nitajuaje kwamba harara imevuka kiwango cha kutibiwa nyumbani?

Mfamasia_Mstaafu alijibu:

Ndiyo, beba wa mkononi kwa sasa, na uvae pamba isiyobana. Ukiona usaha, uvimbe wenye maumivu au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, na msandali usiuweke tena mahali hapo.