Stika ya "gramu 180" si chanzo! Tuambieni kanda gani, nani kakata, kiwanda kipi

#1 Mleta uzi

Wakuu, mods naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa kuonyeshana mikusanyiko. Hapa hatuonyeshani kitu, hapa tunalalamika.

Chukua toleo jipya lolote la santuri ya albamu ya jazi ya miaka ya 1950, ligeuze mbele na nyuma. Stika inang'aa: gramu 180, ubora wa juu, sauti imesafishwa upya. Nyuma ya jalada kuna sifa za wapigaji hadi unachoka kusoma. Kitu kimoja hukioni: sauti imetoka wapi. Ni kanda mama (ile ya awali ya studio)? Ni nakala ya kanda? Ni faili? Ni CD ya mwaka 1987? Kimya. Muuza nguo hakwambii ni pamba au nailoni, anakutajia uzito wa kifurushi tu, na wewe ulipe.

Tuanze na huo uzito maana ndio wimbo wao. Mfereji wa santuri hauongezeki kina kwa sababu sahani ni nene. Sindano haijui chini yake kuna plastiki kiasi gani. Uzito unaamuliwa dakika ya mwisho, kwa donge la PVC (plastiki ya santuri) linalowekwa kwenye mashine ya kukandamizia. Sauti ilishaamuliwa zamani, siku fundi alipokata lakeri, yaani sahani laini inayochongwa mifereji, ambayo ndiyo inazaa kalibu za chuma. Tena sahani nene inataka muda zaidi wa kupoa. Kiwanda chenye haraka kikiitoa mapema na kuirundika ikiwa na joto, inajipinda. Unalipia uzito wa ziada, unaletewa kitu kinachoyumba kama bati lililonyanyuliwa na upepo.

Kwa nini soko limejaa bidhaa za aina hii, na kwa nini jazi ndiyo inaumia kuliko miziki mingine? Ni sheria. Umoja wa Ulaya ulikuwa unalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50. Mwaka 2011 wakapitisha iwe 70, lakini zilizokuwa zimeshatoka kwenye ulinzi hazikurudishwa ndani. Kwa hiyo karibu kila rekodi iliyotolewa hadi mwisho wa 1962 ni mali ya umma kule. Sasa hesabu wewe mwenyewe: kampuni za rekodi kama Blue Note ya kina Art Blakey, Prestige, Riverside, na Columbia ya Miles Davis, kazi zao za miaka ile zote ziko upande usiolindwa. Marekani hali ni kinyume kabisa: rekodi za 1957 hadi mwanzoni mwa 1972 zinalindwa hadi 2067. Santuri ile ile ni halali kiwandani ilikochapwa na ni ya magendo kwenye nchi muziki ulikorekodiwa.

Kisheria hawajavunja kitu kwao, sibishi. Lakini sheria iliwapa ruhusa, haikuwapa kanda. Kanda ziko kwenye maghala ya wenyewe, na hakuna mwenye mali anayemwazima mshindani. Wanabaki na njia rahisi: CD ya dukani, biti 16, kilohezi 44.1, mara nyingi iliyokwisha kufutwa mvumo wa kanda (ile "shhh" ya nyuma) hadi matoazi ya ngoma yanasikika kama mtu anakunja karatasi. Hiyo wanaihamishia kwenye santuri na kuiita marudio ya toleo halisi. Halafu wanaweka nyimbo mbili za nyongeza ili uone umefaidi. Upande uliopangwa dakika 18 wanaufikisha 25, mifereji inabanana, fundi analazimika kushusha sauti, ukiongeza volyumu nyumbani unaongeza na mchakacho wa plastiki. Nyongeza gani hiyo?

Ili mtu asinunue gizani, asome eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Fundi anayeona fahari na kazi yake huacha alama. KPG@CA ni Kevin Gray wa Cohearent Audio. RKS ni Ryan K. Smith. Tone Poet, mfululizo wa marudio wa Blue Note ulioanza 2019, unataja wazi: imekatwa kutoka kanda halisi za analogia, aliyekata Kevin Gray, kiwanda RTI cha California. Mistari mitatu tu! Haikuwaua. Ukikuta pale katikati kuna namba ya kiwanda peke yake, hakuna herufi za mtu, nyuma ya jalada hakuna neno "kanda", jina la kampuni hujawahi kuliona popote na kuna nyimbo za nyongeza, rudisha rafuni.

Na hili la chanzo si ushabiki wa masikio ya dhahabu. Mfano upo wazi: Kind of Blue, albamu ya Miles Davis, 1959. Machi 2, siku ziliporekodiwa nyimbo tatu za upande wa kwanza, mashine kuu ya kanda ilikuwa inazunguka polepole kuliko kawaida. Kanda hiyo ikichezwa kwa kasi sahihi, muziki unakwenda mbio kidogo na sauti inapanda juu. Ilirekebishwa 1992 kwa kutumia kanda ya akiba, ambayo mashine yake ilikuwa sawa. Kwa hiyo mpiga tarumbeta anayejifunza kwa kufuatisha "So What", mmoja wa nyimbo hizo tatu, atajikuta yuko chini ya santuri au yuko nayo sawa, kutegemea toleo lake lilitoka kanda ipi. Muuzaji asiyetaja chanzo anakuuzia na hiyo bahati nasibu.

Nataka mistari mitatu nyuma ya kila jalada. Chanzo. Mkataji. Kiwanda. Wanaotetea waje.

#2

Umeongelea chanzo mkuu, ngoja nikazie kwa wachapaji, maana hata kanda ikiwa halisi wanaiharibu hapo.

Kuna ile sauti ya "chrrrrr" inayokuja na kupotea kila mzunguko, mara nyingi zaidi upande mmoja wa spika. Wauzaji wakilalamikiwa wanasema ni vumbi, osha. Siyo vumbi. PVC haikujaa vizuri kwenye mifereji ya kalibu, kwa sababu joto lilikuwa dogo au mashine ilifunguliwa mapema. Mfereji umebaki na vishimo. Inamisha sahani chini ya taa kali, utaona baka la kijivu au alama kama mshono. Kipimo ni hiki: andika sekunde inayoanzia, osha kwa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa tena kuwa maji (distilidi), kausha, cheza upya. Vumbi na umeme tuli huhama au kupungua. Kasoro ya kujaa hubaki sekunde ile ile, kwa ukali ule ule. Rekodi sauti kwa simu, tuma na madai ya kurudisha. Usikubali "punguzo dogo" ubaki nayo.

La pili ni tundu kutokuwa katikati. Kwenye piano na vibrafoni huwezi kulivumilia, noti ndefu inapanda na kushuka kila sekunde 1.8, ambao ndio mzunguko mmoja wa 33⅓. Hesabu yake ni nyepesi: mkengeuko gawanya kwa umbali kutoka katikati. Tundu likihama nusu milimita, kwenye wimbo wa kwanza, karibu milimita 140 kutoka katikati, kasi inayumba asilimia 0.36 kila upande. Ukifika wimbo wa mwisho, milimita 60, inakuwa asilimia 0.83. Ndiyo maana balladi iliyowekwa mwisho wa upande ndiyo inayolia kama mlevi. Kulithibitisha huhitaji kifaa: tazama kichwa cha sindano kikiwa kwenye mfereji wa mwisho. Kikicheza kushoto kulia, jibu unalo.

#3

Nakubaliana na mleta uzi nusu. Hii habari ya kuichukia dijitali mnaipeleka mbali. Uhamisho mzuri wa dijitali kutoka kanda mama, fundi mzuri, kiwanda kizuri, unaishinda lakeri iliyokatwa kutoka kanda iliyochoka miaka 60, yenye viungio vinavyoachia na oksidi inayopukutika. Kuna kanda ambazo ni busara zipite mara moja tu kwenye mashine, zihifadhiwe, basi. Mnataka zisuguliwe kila zinapotakiwa nakala mpya ili stika isomeke vizuri?

#4 Mleta uzi

Mkuu, hujanisoma. Sijasema dijitali ni dhambi. Nimesema kuficha. Mwaka 2022 kampuni moja kubwa ya Marekani, iliyojijengea jina na bei kwa maneno "kutoka kanda halisi", ilikiri kuwa kati ya kanda na lakeri kulikuwa na hatua ya dijitali ambayo haikuwa inaitaja. Walioipenda sauti ile siku moja kabla, masikio yao hayakuharibika usiku. Kilichoharibika ni imani. Wangeandika tangu mwanzo, watu wangenunua vile vile na kesi isingekuwepo.

Na angalia ujanja wa lugha. "Imetokana na kanda halisi" haisemi imekatwa moja kwa moja kutoka hizo kanda. Hata ile CD ya 1987 ilitokana na kanda halisi. Hata faili la kwenye simu yako limetokana nazo, ukirudi nyuma vya kutosha.

#5

Wauza mitumba nao wasipite hivi hivi. Kila Blue Note yenye muhuri wa VAN GELDER wanaiita "toleo la kwanza". Muhuri ule unasema lakeri ilikatwa na Rudy Van Gelder, hausemi santuri ilichapwa lini. Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty, na kalibu zilizotokana na lakeri zake ziliendelea kutumika baadaye.

Mnachotakiwa kupiga picha ni alama ya Plastylite, kiwanda kilichokuwa kinaichapia Blue Note: herufi P ya mkono inayofanana na sikio, imechorwa kwenye eneo tupu la katikati. Ilikoma 1966 baada ya mauzo hayo. Liberty walirithi pia lebo na majalada ya zamani, wakayatumia. Kwa hiyo unaweza kukuta lebo ya "New York USA", jalada safi, muhuri wa Van Gelder, na sikio hakuna. Hiyo ni ya Liberty, na bei yake si ile uliyoandika wewe muuzaji. Asiyetaka kupiga picha ya sikio mpite.

OJC pia mnachanganya makusudi. Original Jazz Classics ilianzishwa na kampuni ya Fantasy 1982, matoleo ya bei nafuu na mazuri tu. Jina hilo hilo limefufuliwa na kampuni ya Craft 2023, gramu 180, kazi ya Kevin Gray. Ni vitu viwili. Tangazo linaloandika "OJC" bila mwaka linatafuta mjinga.

Na daraja la VG+ (yaani "nzuri sana na zaidi") mnalitoa kwa kutazama chini ya balbu ya sebuleni. Santuri nyingi za jazi za enzi hizo zilichezwa na mashine zenye sindano nzito, gramu 5 na zaidi, wakati leo ni 1.5 hadi 2.5. Mfereji uliolika hauna mkwaruzo wa kuonekana. Unang'aa vizuri kabisa. Unaujua tarumbeta ikipanda: sauti inapasuka, na kuosha hakusaidii. Chezeni dakika moja ya mwisho wa kila upande kabla ya kutoa daraja. Dakika moja!

#6

Kufunga mzigo, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Sahani ikiachwa ndani ya jalada, safarini inageuka kisu na kuchana mshono wa juu. ITOENI. Iwe ndani ya mfuko wake wa ndani, iwekwe nyuma ya jalada, vyote viwili ndani ya mfuko wa nje. Kadibodi mbili za mawimbi, moja mistari wima, nyingine mistari mlalo, ili zisikunjike upande mmoja. Nafasi ya sentimita 2 kila kona ya boksi.

Na mifuko ya nje iwe polietilini au polipropilini. Ile ya PVC laini, inayonata mkononi, kemikali zake zinahamia kwenye sahani na kuacha ukungu usiotoka hata uoshe mara kumi.

#7

Swali kwa wajuzi: kuna muuzaji anatangaza santuri ya kikao cha kurekodi cha 1952, jalada limeandikwa STEREO kubwa juu. Anasema ni adimu.

#8 Mleta uzi

LP (santuri ndefu) za stereo zilianza kuingia madukani 1958. Hiyo ni mono (sauti ya njia moja) iliyogawanywa kwa mitambo miaka ya baadaye, besi upande mmoja, ukali upande mwingine, na mwangwi juu yake. Adimu? Ziko za kumwaga. Muulize kama anayo ya mono. Akikujibu "ni kitu kile kile", lete kiungo cha tangazo hapa tulitazame, lakini jina la mtu usiweke.