Kama dunia inazunguka kasi hivi, mbona upepo hautung'oi?

mdadisi_mvivu: Wakuu salaam, hili jambo linanisumbua siku nyingi. Tunaambiwa dunia inajizungusha kwenda mashariki, pale ikweta ni kama km 1,670 kwa saa. Sasa si upepo ungetakiwa utoke mashariki muda wote, tena wa kung'oa mapaa? Alafu wanasema jua linachoma zaidi ikweta, hewa ya moto inapanda, ya baridi inakuja kuziba pengo, hapo sawa nimeelewa, ila basi si ungevuma umenyooka tu toka kaskazini na kusini, huu mshazari unatoka wapi??

tanga_mbili: Mkuu hewa nayo inazunguka na dunia. Uko kwenye basi linakimbia, madirisha yamefungwa, ukirusha sarafu juu inarudi mkononi, haikupigi kisogoni. Upepo unaousikia ni ile tofauti ndogo tu kati ya hewa na ardhi.

Mshazari sasa. Ikweta 1,670, ila ukienda nyuzi 30 kaskazini au kusini ya ikweta ardhi inakimbia kama 1,450, nyuzi 60 ni nusu tu ya ikweta. Hewa ikitoka nyuzi 30 kushuka ikweta inaingia mahali ambapo ardhi ina mbio kuizidi, inaachwa nyuma, kwa hiyo wewe uliyesimama pale unaona upepo unatoka mashariki. Ndo pepo za biashara hizo. Aliyewaza hivi ni Mwingereza George Hadley mwaka 1735, na jamaa alisomea sheria lol

nyuzi30: Hadley alipatia nusu. Kwa maelezo yake ni hewa ya kaskazini-kusini tu inayopinda, kumbe hata inayoenda mashariki au magharibi inapindishwa pia, kizio cha kaskazini inavutwa kulia kwake, cha kusini kushoto, na pale ikweta kwenyewe hakuna kitu. Hesabu ya kupinda huko inaitwa kwa jina la Coriolis, Mfaransa.

Na ndo maana hewa iliyopanda ikweta haifiki ncha za dunia, inapindishwa weee mpaka karibu na nyuzi 30 inashuka, imeshamwaga mvua yote njiani, cheki Sahara na Kalahari zilipo. Sayari ya Zuhura inajizungusha mara moja kwa siku 243, huko mzunguko huo wa hewa unafika mbali zaidi kuelekea ncha. Sayari ya Mshtarii haimalizi hata masaa 10 kujizungusha, imejaa mistari mistari ya upepo.

mdadisi_mvivu: Daah. Na kusi na kaskazi? Upepo uleule unageuka vipi

tanga_mbili: Mhimili wa dunia umelala nyuzi 23.5, kwa hiyo sehemu yenye joto kali haikai ikweta, inahama na jua. Mwezi wa saba inapanda kaskazini, na bara la Asia linapata moto haraka kuliko bahari, linavuta. Kusi inaanza kama upepo wa kusini-mashariki, ikishavuka ikweta sheria inageuka, badala ya kushoto inapinda kulia, inaingia India ikitokea kusini-magharibi. Mwezi wa kwanza Asia ni baridi, kinyume chake, inakuja kaskazi. Majahazi yalikuwa yanaenda na moja yanarudi na nyingine.

mdadisi_mvivu: Nimekupata sana. Kwa hiyo maji ya sinki nayo yanazunguka tofauti ukivuka ikweta?

nyuzi30: Hapana bana, sinki ni dogo mno, huko kupinda kunataka mamia ya kilomita na masaa mengi. Sinki linafuata umbo lake na ulivyomwaga maji.