Nepi za kitambaa kwenye nyumba yenye shida ya maji, zinawezekana?

Mama Kijacho (Dodoma)

Wakuu, habari za leo. Natarajia kujifungua mwishoni mwa mwezi ujao na nataka kutumia nepi za kitambaa badala ya pampasi. Sababu ni mbili: gharama, na taka. Choo chetu ni cha shimo na gari la taka mtaani halina uhakika, kwa hiyo kila pampasi itaishia kuchomwa nyuma ya nyumba.

Vikwazo vyangu: maji tunanunua kwa madumu, tena ya kisima, yana chumvi. Mashine ya kufulia hatuna. Nikirudi kazini mtoto atabaki na dada. Naombeni wenye ujuzi mnieleze nepi ngapi zinatosha, kitambaa gani, zinafuliwaje kwa maji kidogo, na ni wapi hasa watu hukwama mpaka wakarudi kwenye pampasi.

Fundi Nguo (Tanga)

Hongera mama kijacho. Anza na hesabu, ndiyo itakayokupa nguvu siku ukichoka kufua. Piga 8 kwa siku katika siku 90 za mwanzo, 6 kwa siku 275 zinazofuata, na 5 mwaka wa pili wote. Jumla ni pampasi 4,195. Zidisha kwa bei ya moja dukani kwenu. Kwa upande wa pili unahitaji nepi 24 za mraba, vifuniko 5, pini za nepi 6 zenye kichwa cha kufunga, na ndoo yenye mfuniko. Ukifua kila siku, nusu inatumika na nusu iko kwenye kamba.

Kitambaa: pamba tupu. Flaneli ni bora, marekani laini inafaa, na shuka za flaneli za mitumba zinafaa kuliko vyote kwa sababu zimeshafuliwa mara nyingi na zinanyonya vizuri. Pamba mpya huwa na mafuta yake ya asili na dawa za kiwandani, ndiyo maana inasukuma maji. Ifue kwa maji ya moto mara 4 au 5 kabla mtoto hajazaliwa. Ifue pia kabla ya kukata, maana hurudi.

Ukipata upana wa sm 150, kata miraba ya sm 75 kwa 75. Mita 9 zinatoa 24. Chukua 10 kwa ajili ya kurudi. Pinda ukingo sm 1 kila upande. Usishone tabaka nyingi pamoja. Nepi ya tabaka moja hukauka upesi hata siku ya mawingu, na ndiyo inayofulika kwa mkono bila kuumiza mgongo.

Kukunja: kunja katikati, kisha katikati tena, upate mraba mdogo wenye pembe zilizo wazi upande wa juu kulia. Shika pembe ya tabaka la juu kabisa uivute kushoto mpaka ipatikane pembetatu. Geuza nepi yote ilale kifudifudi. Ule upande wa mraba uliobaki ukunje kuelekea katikati mara tatu, uwe pedi nene. Mlaze mtoto kiuno kikiwa kwenye ukingo mrefu, pandisha pedi mbele, leta mabawa mawili, funga. Unapochoma pini, vidole vyako viwe kati ya pini na tumbo la mtoto.

Kifuniko: blanketi la flisi la mtumba. Flisi haizuii maji kama plastiki, lakini haiyanyonyi, kwa hiyo mkojo hubaki kwenye pamba, na inapitisha hewa. Kwa mtoto wa kilo 4 hadi 8 kata umbo lenye urefu wa sm 38, upana wa sm 40 kwenye mabawa na 16 katikati ya miguu. Lastiki ya sm 14 kila mguu, ivute wakati wa kushona. Velkro kiunoni. Ukitaka kile kitambaa chenye utando wa plastiki upande mmoja, mwambie fundi wako atumie uzi wa poliesta na sindano nyembamba, na asikichome pini katikati. Uzi wa pamba hunyonya mkojo na kuutoa nje kupitia mshono, halafu mtu analaumu kitambaa.

Mkunga Mstaafu (Morogoro)

Fundi amemaliza upande wake vizuri. Mimi niingie kwenye kufua, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huachia.

Usiloweke nepi chafu kutwa nzima. Zikikaa kwenye maji siku mbili zinanuka, lastiki inalegea, na ndoo ya maji sakafuni ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Mavi yaende chooni kwanza. Kuna dhana kwamba mavi ya mtoto mchanga hayana madhara. Si kweli, yana vijidudu kama ya mkubwa. Kisha nepi iingie kwenye ndoo kavu mpaka wakati wa kufua.

Kwa nepi 10 hadi 12 tumia beseni la lita 10, maji manne:

Maji ya kwanza ni baridi, ya kutoa mkojo. Usianze na ya moto, yanagandisha madoa. Haya mwaga chooni, si kwenye mchicha.

Ya pili ni ya moto kadiri mkono unavyovumilia, na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga, vilivyosawazishwa. Acha dakika 30, kisha fikicha.

Ya tatu na ya nne ni ya kusuuza. Kamua nepi ya mwisho uangalie matone: yakiwa na povu au yanateleza mkononi, sabuni bado imo. Maji ya tatu yapige deki. Ya nne yahifadhi, ndiyo maji ya kwanza ya kesho. Kwa hiyo maji mapya kwa siku ni lita 30, dumu moja na nusu.

Kuhusu chumvi ya kisima, acha sabuni ya mche kwenye nepi. Maji magumu yana kalsiamu, nayo ikikutana na sabuni ya mche hutengeneza utando mweupe unaoshika kwenye nyuzi. Baada ya wiki chache nepi inakuwa ngumu na mkojo unateleza juu yake. Sabuni ya unga haifanyi hivyo kwa kiasi hicho. Mvua zikinyesha kinga maji ya bati, yasuuzie mara ya mwisho, maana maji ya mvua ni laini. Mara moja kwa wiki unaweza kutia robo kikombe cha siki nyeupe kwenye maji ya nne, kwa nepi za pamba tu, kwani siki huchosha lastiki.

Dawa za kulainisha na kunukisha nguo ni mwiko. Huacha mafuta kwenye nyuzi.

Harufu kali inayochoma pua asubuhi ni amonia. Bakteria waliobaki kwenye nyuzi huvunja urea ya mkojo. Maana yake kufua hakukufika ndani: ama sabuni ilikuwa kidogo, ama kusuuza kulikuwa kwa haraka. Hapo ndipo unapochemsha nepi za pamba dakika 10. Kuchemsha kila wiki bila sababu ni kumaliza mkaa.

Baba Wawili (Nairobi)

Swali la haraka kwa mkunga. Jiki je? Sisi huweka kidogo kwenye ndoo ya nepi ili kuua viini.

Mkunga Mstaafu (Morogoro)

Kwenye ndoo yenye mkojo, usithubutu. Klorini na amonia ya mkojo vikichanganyika hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu, na anayeinama juu ya ndoo ndiye anayeivuta. Pia jiki inakula lastiki na utando wa vifuniko. Kama mtoto amepata fangasi na mnataka kuua vijidudu, nepi za pamba ziwe zimefuliwa na kusuuzwa kwanza, kisha zichemsheni. Inatosha.

Na mama kijacho, jambo moja zito: nguo na nepi za mtoto zisihifadhiwe na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo sandukuni. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na hapa kwetu si wachache, chembe zao nyekundu za damu hupasuka wakiivuta au ikigusa ngozi yao. Mtoto anaishiwa damu, na mchanga anaweza kupata manjano makali. Nguo za zawadi zenye harufu hiyo zikatae kwa upole.

Mama Kijacho (Dodoma)

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Maswali mawili yamebaki. Kukausha: nianike juani tu au nipige pasi pia? Na usiku je, kila saa mbili nimwamshe mtoto?

Fundi Nguo (Tanga)

Pamba ianikwe jua kali, iliyonyooka, isigusane. Jua hufifisha madoa ya njano kuliko sabuni yoyote, hasa nepi ikiwa bado mbichi. Vifuniko vyenye plastiki vikae kivulini, jua linakausha utando unapasuka.

Usiku hakuna kumwamsha. Weka pedi ya ziada: taulo la pamba lililokatwa sm 35 kwa 24, likunjwe mara mbili kwa urefu, liingie ndani ya mkunjo wa nepi. Yale mataulo mepesi ya kufutia magari hunyonya upesi lakini yakibanwa yanaachia maji, na hayafai kugusa ngozi, yanaikausha.

Afisa Afya (Mbeya)

Fundi, hapo kwenye kivuli naomba niongeze. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani. Funza akitoka anaingia kwenye ngozi ya mtoto na kutengeneza jipu. Kwa hiyo nepi za pamba zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, na hasa kwenye mapindo, hata kama zilikaa juani. Vifuniko haviwezi kupigwa pasi, basi vianikwe ndani ya nyumba, dirisha likiwa na wavu.

Ngozi: badilisha kila saa mbili hadi tatu mchana, na mara moja akinya. Kitambaa hakifichi unyevu kama pampasi, na hiyo ni faida ukikifuata. Poda acha, mtoto anaivuta mapafuni. Ukipaka mafuta mazito au krimu yenye zinki, tandika kipande cha flisi juu ya nepi, la sivyo mafuta yanaingia kwenye pamba na nepi itagoma kunyonya. Wekundu mkali unaoingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja, wenye vidoa vidogo pembeni, ni fangasi. Huo mpeleke kliniki, haumalizwi na mafuta ya nazi.

Na kuhusu dada: mnunulieni glavu, mpeni sabuni ya kutosha, na kazi ya jioni ya kufua mgawane wenye nyumba. Nepi zikiachwa zote kwa mtu mmoja asiyeulizwa maoni, mpango hufa.

Mwana wa Kwale

Mmesahau njia inayopunguza nepi zenyewe: kumkojolesha mtoto. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti juu ya Wadigo wa huku pwani. Mama huanza wiki za mwanzo kabisa, na mtoto hukaa mkavu usiku na mchana akifika miezi 5 au 6. Msingi wake ni mtu kuwa karibu na mtoto na kumsoma, kulazimisha hakumo.

Keti chini, nyoosha miguu, mkalishe mtoto katikati akiangalia mbele, mtegemeze mgongo kwa kifua chako, toa sauti ya "shuuu". Nyakati zenye mafanikio ni akiamka tu, na dakika 10 hadi 15 baada ya kunyonya. Dalili ni kujinyonganyonga, kuacha ziwa ghafla, au kununa uso. Dakika mbili zikipita bila kitu, mwinue, usimgombeze. Hata ukifanikiwa mara tatu kwa siku umeshapunguza nepi tatu za kufua.

Mkunga Mstaafu (Morogoro)

Kweli kabisa, na dada afundishwe hivyo hivyo tangu mwanzo.

Mama kijacho, siku mbili tatu za kwanza mavi ni meusi na yananata kama lami. Usiyapokee kwenye nepi mpya. Tenga vipande vya khanga kuukuu, na mpake mtoto mafuta ya nazi matakoni kabla ya kumfunga, yatafutika kwa urahisi. Vitambaa vya kufutia kata fulana kuukuu sm 20 kwa 20, vipande 25, na maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Safarini au siku maji yamekosekana kabisa, tumia pampasi moja au mbili bila kujilaumu. Ila zisitumbukizwe chooni: haziozi, zinajaza shimo, na siku gari la kunyonya likija zinaziba mpira wake.