Naomba ushauri: kupaka rangi juu ya picha za kamera

Habari zenu wakuu. Tangu nipate kiharusi mkono wa kulia hauna nguvu, hivyo napiga picha kwa simu iliyofungwa kwenye stendi, naziprinti A4, kisha napaka rangi ya akriliki (ile ya kuchanganya na maji) juu yake kwa mkono wa kushoto. Tatizo ni kwamba kwenye karatasi ya kung'aa rangi inabanduka ikikauka. Kwenye ya kawaida, brashi yenye maji ikigusa tu wino unachuruzika. Uso wa shangazi umegeuka zambarau! Vanishi ya mbao nayo imeacha unjano. (Mpini wa brashi nimeuzungushia sponji, hapo nashika vizuri.)

Nipake nini kwanza juu ya picha? Na karatasi mnaizuiaje isiteleze kwa mkono mmoja? Selotepu inaichana nikiibandua.