Kushona taulo za kike kwa kujitolea: tuanzie wapi?

Mama wa Chumbageni:
Ndugu zangu, nawasalimu. Sisi ni akina mama wa mtaa mmoja hapa Tanga, na kila Jumamosi alasiri tunakutana kuwashonea sare watoto wanaolelewa na bibi zao. Ada ilifutwa katika shule za serikali mwaka 2016, lakini sare imebaki juu ya mzazi, na ndiyo sababu tulianzia huko. Sasa mwalimu wa shule ya msingi ya jirani ametueleza kwamba wasichana wa darasa la sita na la saba wanabaki nyumbani wanapokuwa katika hedhi, akatuomba tuwashonee taulo za kike za kufua. Tunazo cherehani nne za kukanyaga, jora la flana lililonunuliwa kwa michango, na wenzetu kadhaa ambao mikono yao haijazoea mshono wa kona. Naomba mwenye uzoefu atueleze namna ya kuzishona, na tufanyeje ili zitumike badala ya kukaa kabatini kwa mwalimu.

Fundi wa Mji Kasoro Bahari:
Shikamoo mama. Kabla ya kukata, hakikisheni kwamba flana hiyo ni ya pamba tupu, maana madukani ipo pia iliyochanganywa, na hiyo hainyonyi vizuri. Chomoeni nyuzi chache, mziwashe kwa kiberiti: pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha majivu laini, lakini polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha ifueni jora zima kwa maji ya moto na kulianika, kwa sababu pamba hunywea, na taulo iliyoshonwa kabla ya kitambaa kunywea itajikunja ikifuliwa mara ya kwanza.

Juu wekeni flana, katikati tabaka mbili au tatu za kunyonya, na chini kile kitambaa chenye utando mwembamba wa plastiki upande mmoja ambacho hutumika kwa nepi za kufua. Mfuko wa kawaida wa plastiki usitumike kabisa, kwa kuwa unatoa mlio mtoto anapotembea na unamtokosa ngozi.

Hapo kwenye utando ndipo wengi wanapoharibu. Kila tundu la sindano ni njia ya kuvujia, na tundu hilo halizibiki hata mkifumua uzi. Kwa hiyo tumieni sindano nyembamba, namba 11 badala ya 14 au 16, shoneni pembeni tu bila kupita katikati, na shikizeni vitambaa kwa vibanio vya nguo badala ya pini. Uzi uwe wa polista, kwa sababu uzi wa pamba unanyonya unyevu na kuutoa nje kupitia mshono. Wale wasiozoea kona wakae kwanza kwenye cherehani isiyo na uzi, washone juu ya mistari waliyoichora kwenye karatasi, hadi matundu yafuate mstari bila kuyumba. Karatasi ni rahisi kuliko utando huo.

Mwalimu wa malezi, Handeni:
Fundi amesema vema, nami naongeza la upande wa shuleni. Taulo hizi zinashikiliwa na chupi, na wapo wasichana ambao hawana chupi ya kutosha, au wanayo moja iliyolegea. Kila fungu liwe na chupi mbili na kipande cha sabuni, hata kama itawalazimu kuwahudumia wasichana wachache zaidi kwa kuanzia. Wafundisheni pia kuloweka kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha doa la damu, na kuanika juani hadi zikauke kabisa. Na ulizeni kama shule ina maji na choo chenye mlango unaofungika kwa ndani. Pasipokuwa na hivyo, msichana hatakuwa na mahali pa kubadilishia, na huenda akabaki nyumbani vilevile.

Msomaji wa Kilifi:
Huku Kenya sodo ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 inaitaka serikali iwape wanafunzi wasichana sodo bila malipo. Hata hivyo, sodo za kutupa humalizika, nazo zinahitaji pa kutupwa. Shirika la Days for Girls, lililoanzishwa na Celeste Mergens mwaka 2008 baada ya kuwaona wasichana wa kituo cha watoto yatima hapa Kenya, lilianza na wazo la sodo za kutupa, likageukia za kufua zinazoshonwa na watu wanaojitolea. Kutokana na maoni ya wasichana, muundo umerekebishwa mara nyingi: siku hizi kipande cha kunyonya kinakunjwa, na kikifunguliwa kinafanana na kitambaa cha kawaida chenye rangi, hivyo binti anakianika kwenye kamba mbele ya watu bila haya. Nawasihi mshone chache, mwape wasichana wenyewe, kisha msikilize kabla ya kulimaliza jora.

Mama wa Chumbageni:
Marahaba mwanangu fundi, nanyi wengine Mungu awabariki. Tumekubaliana tumwombe mwalimu atukutanishe na wasichana pamoja na mama zao kwanza. Mwenzetu mmoja anauliza: khanga kuukuu zinafaa kwa tabaka la katikati, ili flana ibaki kwa ajili ya juu?

Fundi wa Mji Kasoro Bahari:
Zinafaa, mama, tena khanga iliyofuliwa miaka mingi inanyonya kuliko mpya. Ikateni sehemu ambazo hazijachakaa, mzifue mpaka maji yatoke meupe ili rangi isiingie kwenye flana, na kwa kuwa khanga ni nyembamba, ongezeni tabaka moja zaidi.