Maua ya mferejini yanachanua ila hayashiki mbegu

BintiKibosho:
Habari za jioni wanajukwaa. Kwetu Kibosho, mlima Kilimanjaro, juu kabisa karibu na mpaka wa msitu, kuna maua ya porini kando ya mfereji. Ni mekundu yenye njano, na nyuma yana mkia mdogo uliojikunja kama konokono. Tulipokuwa watoto tukitumwa maji tulikuwa tunaweka ndoo chini na kubonyeza vifuko vyake vya mbegu. Ukigusa tu, paa! Mbegu zinakurukia usoni. Bibi alitufokea mpaka akachoka.

Krismasi nimepanda huko mlimani na wanangu nikawaonyeshe. Maua nimehesabu 42. Vifuko viwili. Mengine yananyauka na kudondoka hivi hivi. Maji yapo, kivuli kipo, hatujapiga dawa. Kilichobadilika ni jirani: kile kipande chake cha miti ya asili sasa ni viazi, na upande wa pili kuna miti ya grevilea tupu. Haya yetu yamebaki eneo la ukubwa wa kitanda. Shida ni nini?

Mshamba_Uru:
Dada, kwa huo mkia nadhani ni Impatiens kilimanjari, ua lisiloota porini popote ila mlima wetu huu. Mchavushaji wake ni ndege chozi. Maua ya ukoo huo yana vituko: linaanza likiwa dume, chavua imekaa kama kofia juu ya sehemu ya kike. Kofia ikidondoka ndipo linakuwa jike, na hapo chavua yake imeshaondoka nayo. Lazima iletwe kutoka ua lingine.

BintiKibosho:
Mbona chozi wamejaa kwenye migomba asubuhi nzima?

MzeeWaMizinga:
Ndiyo hapo sasa, mwanangu. Ua la mgomba lina nekta ya kumtosha, ashuke mferejini kufuata nini? Nani anasimamisha gari kwa genge lenye nyanya tatu? Zamani maua yalifuatana kando ya maji mpaka msituni, chozi akashuka nayo.

Angalia pia ule mkia. Ukiona katundu, kuna mdudu aliyetoboa akanywa kwa mlango wa nyuma bila kugusa chavua. Halafu mashina yake yakilala chini huota mizizi, kwa hiyo kitanda chako chote kinaweza kuwa mmea mmoja, chavua inayozunguka humo ni ya kwake mwenyewe.

Jaribu hivi. Tafuta maua mengine mbali kidogo, kwenye mifereji ya majirani. Msituni usichume, ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Gusa chavua kwa unyoya wa kuku, ipake kwenye maua yako kumi yaliyokwisha kudondosha kofia, uyafunge uzi. Mengine kumi yafunge uzi wa rangi nyingine bila kuyagusa.

Mshamba_Uru:
Na jirani mwombe aache walau hatua mbili za kingo za mfereji bila kulima. Atagoma, lakini mwombe.

BintiKibosho:
Mrejesho, samahani nimekawia. Mzee, shikamoo! Nilirudi kazini Arusha, mama ndiye alibaki na uangalizi. Matundu kwenye mikia yapo, siyo mengi. Uzi mweupe, yasiyoguswa: kifuko kimoja. Uzi mwekundu, yaliyopakwa: saba kwenye picha. Mama anaapa vilikuwa vinane, mjukuu wake alipitia hapo akienda kuchota maji.