Mdogo wangu ataendesha baiskeli alfajiri kutoka Igoma hadi Mwaloni: ajiandae vipi?

Mkazi wa Igoma
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu ameanza biashara ya dagaa, na atakuwa akitoka Igoma kwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kabla hakujapambazuka, kisha kurudi na gunia kwenye keria. Baiskeli yake ni Phoenix ya zamani yenye breki za fimbo. Barabara ya Nyerere naifahamu: malori ya Musoma, daladala, bodaboda na mikokoteni, vyote hugombea nafasi ileile. Nimemnunulia kofia ngumu, lakini moyo wangu haujatulia. Naomba wenye uzoefu mnielekeze.

Fundi baiskeli, Nyakato
Ndugu yangu, anza na breki. Katika breki za fimbo, mpira hukandamiza rimu ya chuma, na chuma kikilowa mpira huteleza, kwa hiyo baiskeli iliyosimama vizuri jana kwenye ukavu itahitaji umbali mrefu zaidi leo kwenye mvua, hasa ikiwa na gunia nyuma. Wakati wa mvua apunguze mwendo mapema, na kabla ya kufika kwenye mteremko au makutano aziguse breki kidogo kidogo ili mpira ufute maji kwenye rimu. Kila asubuhi abane breki ya mbele na kuisukuma baiskeli, kisha afanye vivyo hivyo kwa ya nyuma. Gurudumu likiendelea kuzunguka, asitoke. Nati za fimbo hizo hulegea kwa mitikisiko, kwa hiyo spana ndogo isikose mfukoni.

Upepo wa tairi la nyuma uwe wa kutosha, kwa sababu ndilo linalobeba mzigo. Gunia alifunge kwa mipira ya tyubu, na ncha za mipira azichomeke ndani kabisa. Ncha moja ikining'inia na kuingia kwenye spoku, gurudumu hujifunga ghafla. Nimepokea baiskeli kadhaa zilizokatika spoku kwa namna hiyo.

Mwendesha baiskeli, Kirumba
Naunga mkono maneno ya fundi, na ninaongeza suala la kuonekana. Hapa Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi, kwa hiyo safari ya kwenda itakuwa gizani. Anahitaji taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Wengi hufunga taa ya nyuma chini ya kiti, kisha gunia linaifunika yote, na dereva wa lori anayekuja nyuma haoni chochote. Aifunge chini, kwenye madigadi, na baada ya kupakia mzigo arudi nyuma hatua kadhaa ahakikishe inaonekana. Kizibao chenye viakisi mwanga kitamsaidia pia.

Asipite kamwe upande wa kushoto wa lori au basi linalokaribia kukata kona. Dereva hamwoni hapo, na magurudumu ya nyuma hukata kona kwa ndani zaidi kuliko ya mbele, hivyo hata dereva mwangalifu anaweza kumbana. Daladala ikisimama kituoni, asubiri nyuma yake, kwa kuwa abiria hushuka kushoto bila kutazama.

Karibu na ziwa kuna vipindi ambapo wadudu hutanda hewani, nao wakiingia machoni mtu hupoteza mwelekeo. Miwani isiyo na rangi ni ya bei ndogo.

Mkazi wa Igoma
Nawashukuru sana. Kofia niliyonunua ni ile ya njano ya mafundi ujenzi. Inafaa?

Mwendesha baiskeli, Kirumba
Haifai, ndugu yangu. Ile imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyoangukia kichwa kutoka juu, na mtu akianguka kofia hiyo huweza kuchomoka kabla kichwa hakijagusa lami. Mtafutie ya baiskeli, yenye povu gumu ndani, kwa sababu povu hilo ndilo linalobonyea na kupunguza nguvu ya kishindo. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevu ukaze. Ukinunua mtumba, ikague ndani: ukiona ufa kwenye povu, iache hata ikiwa bei ni nafuu.

Fundi baiskeli, Nyakato
Mlete na baiskeli kabla hajaanza safari. Mipira ya breki nitaikagua bila malipo.